Ulimuuliza Shehe Juu ya Damu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nisipoanza na shikamoo utasema Dar es Salaam imeniharibu, na nina maneno mazito kuliko hayo ya kukuambia. Sikuandikii kukuomba radhi wala kukuarifu kwamba tunakukumbuka. Nakuandikia kwa sababu nina hasira na wewe, na nimeamua kuisema mbele za watu. Ya faragha tuliyajaribu. Yamekula watu.

Miezi michache iliyopita mke wa Sefu alinipigia simu kutoka Tabora. Sefu uliyemwacha hajaota ndevu sasa ana wajukuu, na bucha lako la Kanyenye ndilo lake. Mkewe alikuwa anacheka.

"Shemeji, njoo umseme mdogo wako. Siku hizi anafua nguo zake mwenyewe. Suruali, msuli, mpaka shuka. Anajifungia uani anafua. Mimi nasema ana mtu kule Ipuli."

Sikucheka. Nilimuuliza ni tangu lini. Akasema tangu kabla ya Ramadhani. Nikamuuliza kama amekonda. Kicheko kikakatika.

"Shemeji, kwani nani amekuambia?"

Umeniambia wewe, Baba. Mwaka ule wa mwisho wa maisha yako, Mama alikaa jikoni akaniambia maneno hayohayo: "Baba yako ana mtu. Mwanamume aliyeoa afue msuli wake mwenyewe, anaficha nini?" Tukacheka, mimi na yeye. Ulikuwa unaficha damu. Tulidhani unaficha mwanamke, na kusema kweli tulikuonea fahari kidogo.

Sasa nieleze nilichokijua wakati ule na nilichokijua baadaye, maana kazi yangu ya uandishi wa habari kwa miaka mingi imekuwa kutenganisha hayo mawili.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa na miaka minane. Mpaka wakati huo ulikuwa unakata nyama kwenye bucha la mtu mwingine. Baada ya Uhuru ukapata lako, lenye kibao, na siku ya kulifungua ulisimama mlangoni na aproni mpya ukamwambia Mama mbele ya wateja: "Kuanzia leo nyumba yangu haitalala bila nyama." Watu wakapiga makofi. Neno ulilitimiza. Mchana wali au ugali wa sembe, ule mweupe usio na hata chembe ya pumba, na nyama. Jioni mishkaki ya jikoni kwako, na ulipenda iliyoungua. "Penye weusi ndipo penye utamu," ulikuwa unasema, na unatuchagulia sisi wanao wa kiume vipande hivyo kwa mkono wako.

Mama alikuwa na chakula chake. Kila alipotoka kwao Usoke alishuka kwenye treni na kikapu: nsansa za majani yaliyokaushwa, michembe ya viazi vitamu, kunde, unga wa mtama. Yeye na dada zetu walikula uani. Mimi na Sefu tulikula mbele, pamoja na wewe. Tulijiona tumepata sehemu ya wanaume.

Nakumbuka mchana mmoja harufu ya mlenda ilifika sebuleni ukiwa na wageni. Walipoondoka ukaenda uani.

"Nimekuoa nikakutoa kwenye mlenda, wewe unanirudisha kwa mdomo?"

"Sikurudishi popote. Nakula mimi."

"Na watu wakiona?"

"Wakiona nini? Kwamba mke wako ana meno?"

Dada zetu wakainamia sahani zao kuzuia kicheko. Wewe hukucheka. Ukasema hicho ni chakula cha wapagazi, na katika nyumba ya watu wa mjini hakiliwi. Hapo Mama akaacha kula, akanawa mkono taratibu.

"Babu yako alikuwa mpagazi. Kanyenye nzima inajua, wewe tu ndiye unayesema mlikuja na Waarabu. Alibeba pembe za watu begani kutoka hapa hadi Pwani, akila mtama na kunde njia nzima. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Wewe ukitoka hapa hadi stesheni unahema."

Ulivaa kofia ukatoka. Hukumpiga, na hilo naliandika kwa haki. Lakini kikapu cha Usoke hakikuingia tena kwa mlango wa mbele.

Nimefikiri sana juu ya ugomvi ule. Katika mji wetu, uliokua kwa misafara, watu walijigawa kwa mizigo: aliyebeba na aliyebebewa. Walioacha kubeba walifanya kila njia isionekane kwamba waliwahi kubeba. Walibadili nguo, majina, kofia. Na walibadili sahani. Hukula nyama kwa sababu ya njaa, Baba. Ulikula ili babu yako asionekane.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wewe, kuliko mtu yeyote Kanyenye, ulijua matumbo. Uliwahi kunichukua machinjioni ukapasua tumbo kubwa la ng'ombe mbele yangu, lile linalojaa majani. "Gusa," ukaniambia. Nikagusa. Lilikuwa na joto kuliko mkono wangu, na ndani majani yalikuwa yanatoa mapovu.

"Unadhani ng'ombe ndiye anayesaga majani haya?" uliniuliza. "Hawezi. Humu ndani kuna vitu vinavyochachusha, kama unga wa maandazi unavyoumuka. Ng'ombe analisha hivyo vitu, na vyenyewe vinamlisha ng'ombe. Ukimbadilishia chakula ghafla unaviua. Nimeona ng'ombe wa Msukuma mmoja aliyevamia ghala la mahindi. Alikula nafaka tupu, tumbo likavimba, kesho yake amekufa. Shibe ndiyo iliyomuua."

Hukuwa umesoma. Uliyajua hayo kwa macho na mikono, na ulikuwa sahihi. Nami nataka nikueleze yaliyobaki, niliyoyauliza kwa madaktari mbalimbali kwa miaka mingi, nikiwauliza tena na tena kwa maneno tofauti kama ninavyowauliza wanasiasa.

Sisi si ng'ombe, lakini utumbo wetu mpana nao una wapangaji. Ni bakteria, wengi kupita hesabu ninayoweza kuiandika bila kubahatisha. Wanakula kile tunachoshindwa kusaga sisi: nyuzinyuzi za mboga, pumba za mtama, maganda ya kunde. Wakishiba hivyo, wanatengeneza asidi laini ambazo chembe hai za ukuta wa utumbo huzitumia kama chakula, nazo zinautuliza ukuta huo. Ukiwanyima nyuzinyuzi ukawaletea nyama na mafuta kila siku, wale wazuri wanapungua na wengine wanashamiri, na baadhi yao wanaigeuza nyongo na mabaki ya nyama kuwa vitu vinavyouchubua ukuta huo. Ukuta unaochubuliwa miaka kwa miaka unajikarabati bila kupumzika, na katika kujikarabati huko chembe moja inaweza kukosea. Nyama iliyoungua ina sumu zake juu ya hizo. Kutoka kosa la chembe moja hadi uvimbe unaoua kwa kawaida ni safari ya miaka mingi, na uvimbe ukionekana mapema unakatwa, mtu anarudi kazini.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sitaki kukusingizia. Sisemi mishkaki ndiyo iliyokuua. Hakuna daktari mwaminifu atakayesema hivyo juu ya mtu mmoja. Wapo waliokula nyama kama wewe wakazeeka, na wapo waliokula mlenda maisha yao yote wakaugua ugonjwa huohuo. Chakula huongeza hatari au huipunguza, hakitoi hukumu. Damu ya ukoo nayo ina sehemu yake. Kama ungekufa kwa nyama peke yake, ningekuwa na huzuni tu. Hasira yangu ni juu ya yaliyofuata.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa ulikuwa balozi wa nyumba kumi. Mvua zilikuwa mbaya, sembe ikaadimika, na tangazo likaja kwamba wananchi walime na kula mtama na mihogo, mazao yanayostahimili ukame. Uliwakusanya watu wako ukawasomea tangazo lile kwa sauti nzuri, ukalieleza, ukawajibu maswali. Kisha ukarudi nyumbani ukala wali. Mama alikuangalia ukinawa, akasema, "Balozi, tangazo umelisahau barazani?" Ukamwambia tangazo lilikuwa la wananchi. Akakuuliza wewe ni nani. Ulikuwa umeshaanza kula.

Baadaye ikaja kampeni ya afya redioni. Kila wiki kikundi chako kilikaa barazani kusikiliza, na kila nyumba ilitakiwa kuwa na choo cha shimo refu, chenye mfuniko. Nilikuwa na miaka ishirini na michache, mwandishi mchanga wa gazeti la Dar es Salaam, nikaja likizo. Nikafuatana nawe katika ukaguzi, kalamu mkononi. Ulibeba fito uliyoitia alama za futi.

"Bibi, shimo lako lina futi ngapi?" ulimuuliza mama mmoja muuza vitumbua.

"Balozi, ingia upime mwenyewe. Ukitumbukia tutajua limetosha."

Watu waliangua kicheko, na wewe ukacheka kuliko wote. Ukaingia, ukapima. Uliingia vyoo vyote kumi siku ile. Uliwauliza watu wazima, bila haya, kama watoto wao wanaharisha, kama choo chao kina minyoo, kama wananawa baada ya haja. Walikujibu kwa sababu ni wewe uliyeuliza.

Mkanda wako ulikuwa na tundu jipya, ulilotoboa kwa msumari. Nililiona. Waandishi tunafundishwa kuona vitu kama hivyo.

"Baba, umekonda."

"Ujamaa huu, mwanangu. Chama kimesema tufunge mikanda. Mimi nimetii."

Watu wakacheka tena. Nami nikaandika. Mhariri alipenda sentensi hiyo kuliko makala yote, akaifanya ndiyo ya kufungulia. Nimeandika mambo mengi tangu siku hiyo, mengine ya kuwaudhi wakubwa, mengine ya kunitia mashakani. Sijawahi kuandika jambo baya kama mzaha ule. Nilikuwa na mgonjwa mbele yangu, nimemshikia kalamu, nikaandika urefu wa mashimo.

Kulikuwa na ishara nyingine. Tangu nilipopata akili ulisali safu ya kwanza, bega lako likigusa bega la muadhini. Mwaka ule ukahamia safu ya mwisho, karibu na mlango. Na ukawa unatawadha upya kwa kila sala, hata kama Magharibi na Isha umeketi palepale msikitini. Wakati mwingine ulinyanyuka katikati, ukaenda kwenye birika, ukarudi. Watu wakaanza kukusifu. "Balozi anatafuta thawabu za ziada." "Mcha Mungu yule, haachi udhu wake ukae hata saa moja." Niliyasikia kwa masikio yangu nikaona raha kuwa mwanao.

Kisha tumbo lako likafunga. Siku nne hukupata choo, ukatapika, ukavimba, na ndipo ukakubali kubebwa kwenda hospitali, nami nikaitwa kutoka Dar es Salaam. Daktari alikupasua, akaona, akafunga. Alitutoa nje, mimi na Mama, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Hii ilianza zamani. Lazima alikuwa anatoka damu. Nani alijua?" Mama alinitazama. Hakuna aliyejua. Daktari hakutuamini, na simlaumu.

Ulikufa kabla ya wiki kwisha. Kwenye matanga wengine walisema umelishwa kitu na mtu uliyemripoti kwa kukosa choo. Wengine wakasimulia udhu wako. Mtu mmoja alilia kabisa akisimulia udhu wako.

Neno la daktari lilikuwa halijanitoka. Alikuwa anatoka damu, na alikuwa anatawadha kila saa. Niliviweka vitu hivyo viwili pamoja nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa matanga. Damu ikitoka kwa njia ya haja hutengua udhu. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Na mwenye udhuru usiokoma ana utaratibu wake: anatawadha kila wakati wa sala unapoingia. Utaratibu huo mtu hajifundishi. Lazima umuulize mtu.

Nikaenda kwa Shehe wako. Alikuwa mzee kuliko wewe, na alinikaribisha kwa upole, akaniagizia kahawa. Nilimuuliza moja kwa moja.

"Shehe, Baba alikuja kukuuliza juu ya damu?"

Akaweka kikombe chini.

"Alikuja. Mwaka mzima kabla ya kufa kwake."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia, kwanza nenda hospitali. Hayo mengine yana wepesi, dini haikumfunga mgonjwa. Akasema, Shehe, ya hospitali nitayaangalia, mimi nimekuja kwa la dini. Nikamweleza la dini. Nilipomuuliza tena baada ya miezi, akaniambia amekwenda, amepewa dawa, ni bawasiri."

"Alidanganya."

"Sasa najua."

"Mbona hukutuambia sisi wanawe?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mtu aniletee aibu yake niibebe, nami nimwage njiani? Kama wewe ungekuwa unaletewa siri za watu, mwanangu, ungefanyaje?"

Nilikuwa nimekwenda kumkasirikia yeye. Niliondoka nikiwa sina wa kumkasirikia ila wewe. Uliweza kukaa mbele ya mwenye elimu ukasema wazi wapi unatoka damu, mara ngapi kwa siku, nyingi au kidogo, kwa sababu sala yako ilikuwa mashakani. Haya uliiweka kando. Ulikuwa na ulimi, ulikuwa na maneno, ulikuwa na ujasiri. Hospitali ilikuwa mwendo wa miguu kutoka bucha lako, na matibabu miaka ile yalikuwa bure. Ulitaka tu kujua namna ya kusali nayo. Damu ikapata fatwa, ikakaa.

Na mimi je? Nisimalize kwako nikajiruka. Nilitoka kwa Shehe, nikarudi kwenye matanga, nikanyamaza. Mama alikuwa amefiwa na mume aliyesifiwa. Sikutaka kumwambia thawabu zile zilikuwa damu. Amekufa hajui. Kila fomu niliyojaza, kila mtu aliyeniuliza, niliandika "maradhi ya tumbo". Nilipofika umri wa kupimwa, nilipimwa kimyakimya Dar es Salaam, wakanikuta na vinyama viwili ndani ya utumbo, wakaving'oa, nikaenda zangu. Sikumwambia Sefu. Nilijiambia kwamba sitaki kukuvunjia heshima. Ndivyo ilivyo rahisi kurithi.

Baada ya simu ya shemeji nilipanda basi. Nilimkuta Sefu bucha, amekaa kwenye kigoda kama ulivyokuwa ukikaa wewe, goti moja juu.

"Kaka, shikamoo. Umekuja bila taarifa, kuna msiba?"

"Marahaba. Bado haujawa msiba. Unatoka damu?"

Mteja mmoja aligeuka. Sefu akamfungia nyama yake haraka, akangoja aondoke.

"Nani amekuambia? Bawasiri hiyo. Miaka arobaini ya kukaa kwenye kigoda, unategemea nini? Ninachemsha mizizi, inapungua."

"Nani amekupima?"

"Mwili wangu naujua mwenyewe."

"Unaujua kama mpangaji anavyoijua nyumba. Vyumba vya ndani hujawahi kuingia."

Alitaka kucheka. Nikamwambia: "Baba alikufa na damu hiyohiyo." Akaweka kisu juu ya gogo.

"Baba alikufa na tumbo."

"Tumbo lipi?"

Nikamweleza yote, msuli, safu ya mwisho, birika, Shehe. Alisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Wewe ulijua lini?"

"Siku ya tatu ya matanga."

"Miaka yote hii, kila Idi unakuja hapa, unakula nyama kwangu, unanitazama."

Alinitoa nje ya bucha, Baba, akashusha mlango, mchana kweupe, siku ya soko. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne akamtuma mkewe aniulize basi la hospitali kubwa linaondoka saa ngapi.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa wajukuu zako. "Shikamooni, wazee wangu," akasema, akavuta karatasi. Aliuliza juu ya chakula, na Sefu akajibu kwa fahari, nyama kila siku, mboga kidogo, sembe. Akauliza juu ya damu, na Sefu akajibu akitazama ukuta. Kisha akauliza:

"Katika ukoo, kuna aliyewahi kuugua saratani ya utumbo? Baba, mama, ndugu?"

Na Sefu, niliyemsimulia kila kitu, Sefu aliyenifukuza bucha kwa sababu ya siri hiyo, akajibu kabla daktari hajafunga mdomo:

"Hakuna, daktari. Wazee wetu walikufa vizuri."

Nadhani hata hakukusudia. Lilitoka lenyewe, kama unavyomrushia mtu shuka akikutwa uchi.

"Yupo," nikasema. "Baba yetu mzazi. Hakupata miaka sitini." Nikatoa maelezo, ishara kwa ishara, na majira niliyokumbuka. Daktari akaandika mstari mmoja. Ndiyo nafasi yote uliyohitaji, mstari mmoja kwenye karatasi. Akainua kichwa akamwambia Sefu, kwa sauti isiyo na lawama, ndiyo maana iliuma: "Mzee, kwa baba aliyeugua hivyo, ungepaswa kuanza kupimwa ukiwa na miaka arobaini. Hukuambiwa?"

Sefu hakunitazama. Nashukuru.

Walimuingiza kamera kwa nyuma, wakauona uvimbe. Walimpasua, wakakata kipande cha utumbo. Wanasema haukuwa umevuka ukuta; wanasema pia kwamba itabidi wamfuatilie miaka kadhaa kabla ya kusema neno la uhakika, nami siwezi kukuandikia uhakika ambao wenyewe hawana. Kwa sasa, mpaka utumbo upone, choo chake kinatokea kwenye mfuko uliobandikwa ubavuni. Daktari alieleza tena ile habari ya nyuzinyuzi na bakteria. Atakapopona kabisa, nyama iwe ya mara chache, na mtama, kunde na mboga zirudi taratibu, kadiri utumbo utakavyokubali. Mkewe alisikiliza kwa makini. Sefu alimuuliza daktari kama nsansa zina nyuzinyuzi. Daktari alikuwa wa kabila jingine, hakuzijua. Sefu akamweleza.

Aliporudi Tabora aliwaita wanawe watatu pamoja na wake zao. Unajua maana ya hilo. Wakwe, Baba, ambao mbele yao mwanamume wa kwetu hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Nilikuwepo, nimekaa pembeni. Alikaa katikati ya sebule, akapandisha shati.

Mkwe mdogo aliinuka haraka, macho chini, atoke.

"Kaa, mkwe wangu," Sefu akamwambia. "Unanilelea wajukuu, kwa hiyo na wewe uone. Huu ni mfuko, na kilichomo ni choo changu. Nilitoka damu miezi tisa nikajifulia nguo nisionekane. Babu yenu alitoka damu zaidi ya mwaka, ikamuua. Haikuwa bawasiri, wala hakulogwa na mtu. Ilikuwa saratani, na inapita kwenye ukoo wetu. Nyie watatu mtakwenda kupimwa, hata kama hamuumwi popote."

Mkwe mdogo akakaa, akajifunika mdomo kwa mtandio, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Baba, na sisi tulioolewa tupimwe?"

"Nyinyi si damu yetu. Ila mnajua anayefua nani."

Mkubwa wao akacheka wa kwanza, wakafuata wote, na Sefu akashika kidonda kwa mkono akiwaomba wasimchekeshe, nyuzi zitakatika.

Sijakusamehe, Baba. Wengi watasema marehemu hakasirikiwi. Mimi nakuombea kila sala na bado nimekasirika, na sioni kama kimoja kinazuia kingine. Wawili kati ya vijana wa Sefu wamekwisha kupimwa, na ni wazima. Wa tatu anasema kazini hawampi ruhusa, wiki ijayo, mwezi ujao. Nampigia simu kila asubuhi kabla hajanywa chai. Jana hakupokea. Leo amepokea, amesema Jumatatu. Nimemwambia nitakuwa Tabora Jumapili.

Pumzika. Ngoja mimi nikate tiketi.

Mwanao wa kwanza.